Mama Breki na Miaka Minane ya Kutoona Mwendo

Ndugu waombolezaji, majirani na wote mliofika, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, mimi mtoto wake wa kwanza, na nikisoma polepole msiniharakishe, kwani hata yeye alipokuwa anafundisha hakupenda mtu wa kukanyaga mafuta ovyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa pili wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba iliyotazamana na kituo cha mabasi, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1969. Alianza kazi akiwa karani wa ghala, lakini ghala lilimchosha, na mwaka 1974 akaingia chuo cha udereva, kwanza kama mwanafunzi, baadaye kama mwalimu, akikaa kiti cha pembeni chenye breki yake mwenyewe, ndiyo maana wanafunzi wake, ambao naona wengine mmekaa hapa mmejikunyata vilevile kama siku ya mtihani, mlimwita Mama Breki. Sifa yake kubwa ilikuwa jicho la mwendo, akitazama lori linakuja alijua papo hapo kama utawahi kupita au hutawahi, na sikumbuki akikosea, ingawa kwenye kukadiria chumvi ya mboga alikosea sana.

Tarehe 14 Agosti 1979 alifunga ndoa na fundi wa magari wa chuo hicho, baba yetu aliyekaa pale mbele, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu fundi umeme, na wajukuu wanne.

Tarehe 3 Machi 2016, akiwa amestaafu, aliamka na maumivu makali ya kichwa, akakaa mezani amimine chai, na chai, kama alivyotueleza mwenyewe, ilisimama hewani kati ya birika na kikombe, haishuki wala hairudi, naye akaendelea kumimina akiisubiri ifike, mpaka alipohisi moto mapajani. Alidhani anaingiwa na wazimu, na sisi hatukuwa na wazo bora kuliko hilo. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, akasoma herufi zote za ukutani hadi mstari wa chini kabisa, kwa kuwa herufi hazitembei, tukaambiwa macho ni mazima, twende nyumbani. Tulipofika barabarani alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia, akaniambia gari liko kule mbali, halafu liko hapa, katikati hakuna kitu, na mwanamke aliyewafundisha wengi wenu kupita kwenye makutano hakuthubutu kushusha mguu kwenye lami.

Katika hospitali ya rufaa, wiki mbili baadaye, daktari wa ubongo alitueleza kwamba damu ilikuwa imeganda nyuma ya kichwa, upande wa kulia na wa kushoto, kwamba sura, rangi na maandishi mama anaviona kama mtu yeyote, lakini ubongo una sehemu yake maalumu ya kuutambua mwendo, nayo ndiyo iliyoharibika, na hakuna miwani inayoweza kuirudisha.

Niseme wazi, mama aliogopa, aliogopa kuliko nilivyowahi kumwona mtu akiogopa. Aliogopa maji ya bomba, paka wa jirani, pazia likipigwa na upepo, na nyuso zenu mlipoongea naye, maana midomo ilikuwa inarukaruka, hivyo akatazama pembeni, na wengine mkasema siku hizi Mama Breki anajidai.

Shangazi yetu, kwa mapenzi yake yote, alitoa amri kwamba mgonjwa hapigiwi kelele, viatu vyote vibaki nje, watu watembee kwa kunyata, na ninyi mnamjua shangazi, akishasema amesema. Basi kwa miezi mitatu tulimnyatia mama yetu ndani ya nyumba yake, tukidhani tunampumzisha, kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamtokea mbele ya uso kutoka pasipo na mtu, hadi siku alipokuwa akimenya viazi, mjukuu wake mdogo akaja taratibu kama alivyofundishwa, mama akapiga kelele na kurusha kisu, kikapita karibu na sikio la mtoto na kugonga mlango. Jioni ile alituomba tumpeleke mahali pengine, popote, kabla hajaua mtu.

Ni baba aliyetambua, fundi wa kusikiliza injini, kwamba yeye hamshtui kamwe, kwa sababu ya rundo la funguo linalolia kiunoni mwake, na tangu hapo amri ikageuzwa, kila anayekuja aanze kuongea akiwa mlangoni na asinyamaze mpaka aketi, nyumba ikawa kama soko, na mama akabaki nyumbani kwake.

Mwezi uliopita alipata homa ya mapafu, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 2024 tulikaa kando ya kitanda tukikikodolea macho kifua chake, mdogo wangu akisema kimepanda, baba akisema hakijapanda, nami nikikiona kinapanda, tena na tena, hata baada ya muuguzi kutuambia kwa upole kwamba ameshaondoka muda kidogo. Sijawahi kuogopa hivyo. Leo asubuhi nilipomuaga nilikiona tena kifua kinapanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake wa chuo, majirani mliobisha hodi kwa sauti kubwa, na fundi viatu wa pale kona aliyemvusha barabara miaka yote bila kuombwa.

Lala kwa utulivu, mama yetu, hakuna tena kitakachokutokea ghafla.