Benchi Lisilotikisika

Mvua ya mchana ilidumu nusu saa tu, lakini ilitosha kuingia dukani kwa shangazi yangu, fundi cherehani, na kulowesha pindo la gauni la bibi harusi. Mara ya tatu mwezi huu. Kwa miaka kumi na moja kabla ya hapo, halikuingia hata tone. Nikavuka barabara na ndoo yangu kuwaomba msaada wanaume wa kijiweni, ambao siku hizi hawabanduki kwenye benchi lao jipya la zege. Lile la mbao lilikuwa linayumba. Hili halitikisiki, na wanalisifia kama mtoto aliyefaulu mtihani.

— Shikamooni. Maji yameingia tena kwa shangazi.

— Marahaba, binti wa chuo, — akasema Waziri, dereva mstaafu. — Poleni. Maji ya siku hizi hayana adabu.

— Adabu wapi. Ni lami, — akasema Injinia, mwashi aliyelijenga lile benchi. — Lami ikizeeka inainamia upande mmoja, kama mzee anayeumwa kiuno.

— Imezeeka mwezi huu?

— Uzee unakuja ghafla. Muulize Waziri.

— Mimi usiniingize. — Waziri akapuliza kahawa yake. — Tatizo ni cherehani. Shangazi yako anakanyaga kutwa, ardhi inadidimia. Maji yakiona bonde yatakataa?

— Cherehani moja, baba, imechimba bonde?

— Ya chuma ile.

Kinyozi wa jirani, aliyeketi pembeni yao, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Mnambabaisha mtoto wa watu. Shangazi amenunua pasi ya mvuke, sivyo? Basi ndani mna unyevu. Maji ya nje yanawafuata ndugu zao.

Kwenye mdahalo chuoni ningewamaliza wote kwa dakika mbili. Hapa nilikuwa na ndoo, na mawingu yalikuwa yanarudi.

— Sawa. Nani anakuja kuchota?

— Tujue chanzo kwanza, mwanangu, — Waziri akasema. — Tusikurupuke.

Ndipo akaja dada mmoja, mwavuli kwapani, akiulizia duka la fundi. Kesho anaolewa, amekuja kujaribu gauni. Nikaificha ndoo nyuma yangu. Alikuwa ameshainama, anatazama chini ya miguu ya Injinia.

— Samahanini. Huu mtaro unaotoka kule juu, hapa kwenye benchi unapitia wapi?

Tukatazama sote. Mtaro ulishuka vizuri, ukafika kwenye zege, ukaishia hapo. Upande wa pili ulianza tena, mkavu, una vumbi. Katikati, tope lilikata kona mpaka mlangoni kwa shangazi.

Injinia akainua mguu mmoja, kisha wa pili, kama anayepisha ufagio. Kinyozi akakumbuka ana mteja. Waziri akanyoosha kikombe. Muuza kahawa akainamisha birika, halikutoa kitu. Tone la mvua ndilo lililoingia.

— Baba, — nikamwambia Injinia kwa heshima zote, — sululu unayo?