Upande wa Kulia wa Gari la Baraldini

DIRCE BARALDINI, mjane wa Silvano Tosatti
3 Februari 1934 – 11 Machi 2009

Dirce Baraldini, tuliyemsindikiza hadi hapa leo, alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Februari 1934 mjini Nonantola, mkoa wa Modena. Alikuwa mtoto wa pekee wa Igino Baraldini na Argia Sighinolfi. Nyumba yao ilipakana ukuta kwa ukuta na karakana ambamo baba yake na baba yake mkubwa, Adelmo, walikuwa wakigonga mabati ya bodi za magari. Bibi Argia alipenda kusimulia kwamba siku za kazi mtoto alilala fofofo huku nyundo zikilia. Jumapili, karakana ilipokuwa kimya, alilia yeye.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Nonantola, vita vikimkatiza kila mara, akamaliza mwaka 1945. Baadaye alipelekwa Modena kwa masista akajifunze kudarizi. Masista wakamrudisha kwa maneno ya heshima: binti ana mikono mizuri ajabu, lakini sindano zote anazichonga kwa tupa.

Alichotaka yeye ni nyundo. Alipomwomba baba yake, mzee Igino alimjibu, "Nyundo si ya msichana. Shika taa." Nyundo akapewa Ermes, mtoto wa Adelmo, aliyemzidi Dirce miaka miwili. Dirce akashika taa. Mchana kutwa alimulika mikono ya wanaume wale, leo kushoto, kesho kulia, na hakuna aliyefikiri kwamba alikuwa anasoma.

Mwaka 1951 aliajiriwa Modena kwenye karakana ya meno bandia, na huko alikaa hadi alipostaafu mwaka 1992. Kazi hiyo haihitaji kusifiwa sana hapa. Wengi wenu mlioketi mbele yetu mtarudi nyumbani kula chakula cha mchana kwa meno aliyoyatengeneza yeye, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, isipokuwa wale wanaolalamikia kila kitu.

Mwaka 1956 ndugu wale wawili walipata kazi iliyowapa jina na kuwaharibia udugu. Daktari wa mifugo wa Mantova, mtu mwenye wazimu wa mashindano, aliwaagiza bodi ya gari la mbio: la wazi, jembamba, limelala chini, rangi nyekundu iliyokolea. Walichonga kwanza kiunzi cha mbao chenye mbavu, cha kupimia mabati, kisha Igino akagonga upande wa kushoto na Adelmo wa kulia, kama walivyozoea. Gari lilitoka zuri, likashindana, likapigwa picha. Kisha siku moja daktari akasimama mbele yake, akakunja jicho, akasema, "Jamani, mmenitengenezea magari mawili." Alikuwa anatania. Lakini ni kweli pande hizo mbili hazikufanana. Igino akasema kosa liko kulia. Adelmo akasema kosa liko kushoto. Mzaha ule ukawa ugomvi, na ugomvi ukaota mizizi, hadi Machi 1957 wakachukua msumeno wakakipasua kiunzi katikati, kuanzia pua hadi mkia. Kila mmoja akaondoka na upande wake. Adelmo akahamia Soliera, mji usio mbali.

Mwezi uliofuata, tarehe 27 Aprili 1957, Dirce alifunga ndoa na Silvano Tosatti, mtengeneza jibini, na upande mmoja wa meza ya harusi ulikuwa mtupu. Silvano alikuwa mtu mpole. Alisema amepata mke pekee wa mkoa huu anayetembea na tupa mkobani badala ya rangi ya mdomo, na akamnunulia jiliwa ya kubania vyuma, ya kufunga kwenye meza ya jikoni. Walijaliwa watoto wawili, Marzia mwaka 1959 na Claudio mwaka 1963. Silvano alifariki tarehe 6 Oktoba 1994.

Gari lile lilipata ajali mwaka 1961, likauzwa kama chuma chakavu. Ugomvi haukuuzwa. Igino alipofariki mwaka 1979, tanzia iliyobandikwa kwenye kuta za mji iliwataja jamaa hadi wa mbali, lakini jina la Adelmo halikuwemo. Adelmo alipofariki mwaka 1984, tanzia yake ikalipa kisasi. Dirce alisimama mbele ya karatasi ile sokoni Soliera, akaisoma mara mbili, akarudi nyumbani bila kununua kitu.

Baada ya kuwa mjane alianza kazi ambayo kwayo wengi mnamjua. Alitaka kulirudisha gari la Baraldini duniani likiwa dogo, kwa kipimo cha moja kwa nane, bila kununua hata kipande kilichotengenezwa tayari. Fremu aliiunga kwa vijibomba vya shaba. Spoki alizivuta mwenyewe, waya kwa waya. Kabureta alizichonga kwa nta, kisha akazimimina kwa madini, kama alivyomimina meno ya watu miaka yote ile. Kiti alikishona kwa ngozi ya glavu za marehemu mumewe. Mabati aliyagonga kwa nyundo aliyojitengenezea, ndogo kuliko kijiko cha chai, akifuata vipimo vya nusu ya kiunzi iliyobaki kwa baba yake. Kufikia mwaka 2001 upande wa kushoto ulikuwa umekamilika, na ungeuona ungenyamaza.

Wa kulia ulikuwa wazi, mifupa mitupu. Picha zote zilizosalia zilipigwa kutoka upande wa kushoto, kwa kuwa wapiga picha walisimama huko. Mabwana wa chama cha watengeneza magari madogo walikuja jikoni kwake, wakanywa kahawa yake, wakamshauri ageuze tu vipimo vya kushoto avipeleke kulia. Nani atajua?

"Mimi," alisema Dirce. "Nimetengeneza meno ya mkoa mzima. Sijaona kinywa kimoja ambacho kulia ni sawa na kushoto. Hebu wewe cheka nikuone."

Yule bwana hakucheka.

Basi gari likaegeshwa kabatini, kulia kukielekea ukutani. Dirce hakuwa mtu wa kulalamika, ila bintiye Marzia alijua wazi mama yake aliogopa nini: kufa akiwa na nusu gari, na ile nusu nyingine ikiwa kwa mtu asiyemsalimu.

Novemba 2005 alipanda basi kwenda Soliera, na mkobani chupa ya kileo alichokitengeneza mwenyewe kwa matunda ya jozi. Ermes alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka upande wenu."

"Upande gani?"

"Wa kulia. Kile kiunzi. Usijifanye hunielewi, mzee mzima."

"Upande wetu haukuwa na kosa."

"Ndio nataka kuuona huo usio na kosa."

"Kuku wanaulalia siku hizi. Nenda kawaombe kuku."

Akaichukua chupa, akafunga mlango.

Mwingine angerudi kituoni akinung'unika. Dirce alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia bandani na koti lake la kanisani, akatoa kisu chake cha kazini, cha kukatia plasta ya meno, akaanza kukwangua kinyesi kwenye mbavu za mbao. Kuku walipiga kelele zao, naye akawajibu. Ermes alimtazama dirishani hadi uvumilivu ukamwisha. Akatoka na gilasi mbili.

"Umezidisha sukari," alisema.

"Baba yako alikuwa akiomba aongezewe."

"Na hizo mbao zimejikunja kwa unyevu. Ukipima hapo utapata gari la kuku."

"Sasa nifanyeje?"

Ermes akainua kidole gumba. "Kila bati alilogonga baba upande ule, nililisugua mimi hadi likalainika. Kwa hiki. Hiki hakijajikunja."

"Basi kilete Alhamisi," alisema Dirce.

Alhamisi kilikuja, na mwenyewe nyuma yake kwa baiskeli. Kitu cha kwanza Ermes alichofanya ni kupitisha gumba lake kwenye ubavu wa kushoto, polepole, kuanzia taa ya mbele hadi madigadi ya nyuma. Akarudia.

"Nani kakugongea?"

"Mimi."

"Na wewe alikufundisha nani?"

"Taa," alisema Dirce.

Kuanzia hapo kila Alhamisi wawili hao waliketi kwenye meza ya jikoni, Dirce kushoto, Ermes kulia. Mwanzoni hawakusemezana. Walikuwa na tarishi.

"Marzia, mwambie mama yako hilo boneti kalikaza mno."

"Marzia, mwambie mjomba wako boneti si upande wake."

"Marzia, mwambie mama yako nusu ya boneti ni upande wangu."

Marzia akaitua sufuria ya tambi za tortellini katikati ya meza, juu ya michoro yao. Akawaambia kwamba wazee wao waliachana kwa mtindo huo huo, na kwamba anayetaka kula leo ataomba chumvi kwa mdomo wake, moja kwa moja, kwa mtu mwenye chumvi. Ermes aliomba chumvi. Wiki iliyofuata kazi ikawa kuwanyamazisha.

Upande wa kulia haukuwa na haraka. Dirce alikata bati na kulipiga umbo, Ermes alilipapasa akiwa amefumba macho, akisema, "Bado. Bado. Hapo baba alichoka, paache pawe bapa. Sasa toa nje kidogo. Simama!" Mabati mengi yalitupwa. Walikunywa vileo vya jozi vyote vya mwaka ule, na bado Ermes alishikilia kwamba sukari ni nyingi.

Septemba 2008 Dirce aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimweleza bila kuzungusha, kwa kuwa ndivyo alivyotaka kuelezwa. Akauliza swali moja: kama atafika masika, miti inapochanua. Daktari akasema ni vigumu. Dirce akasema basi watahamishia meza chumbani.

Kipande kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko vyote, madigadi ya nyuma kulia, pale bati linapojikunja pande mbili kwa wakati mmoja. Kila Alhamisi Ermes alifika, theluji au mvua. Aligonga, akatupa, akagonga tena, macho yake yakiwa na ukungu wa uzee. Dirce, aliyenyang'anywa nyundo na ugonjwa, alimshikia taa akiwa ameegemea mito. Mwanzoni mwa Februari, siku chache baada ya kutimiza miaka sabini na mitano, alimwona amekaa na nyundo mapajani.

"Una nini?"

"Hii haikuwa kazi yangu," alisema Ermes. "Nilipewa kwa sababu nilikuwa mvulana. Wewe ndiye uliyeiomba." Akamwekea nyundo mkononi. "Lete hiyo taa."

"Huu ni upande wa baba yako."

"Baba hayupo. Gonga."

Marzia alikuwa mlangoni na bakuli la mchuzi, akabaki nalo hadi likapoa. Dirce aligonga mchana ule wote, akipumzika, akirudi, huku Ermes akimulika kwa mkono mmoja na kupapasa kwa mwingine. Mwishowe akasema, "Simama. Ndilo hilo."

Alhamisi iliyofuata gari lilikuwa zima, limepakwa rangi, limewekwa kwenye meza ya kitandani. Ermes aliligeuza pua ili Dirce alitazame kutoka mbele, pale aliposimama daktari wa mifugo. Akachukua kipimo, akapima kutoka katikati kwenda kushoto, akapima kwenda kulia, akavua miwani.

"Haya, sema," alisema Dirce. "Nani alikosea?"

"Wa kwako alizidisha kidogo. Wa kwangu akapunguza kidogo."

"Sawasawa?"

"Sawasawa. Mapunguani wote wawili."

Dirce alicheka hadi muuguzi aliyekuwa akimhudumia nyumbani akaja mbio kuona kuna nini. Alipopata pumzi akamwambia Ermes, "Kwenye karatasi yangu ya ukutani utaandikwa."

"Wapi? Chini kabisa, na majirani?"

"Utaona. Kwanza subiri nife."

Alifariki kwa utulivu nyumbani kwake, Jumatano tarehe 11 Machi 2009, asubuhi, madirisha yakiwa wazi. Ilikuwa bado siku chache masika yaingie kwenye kalenda, lakini mti wa plamu wa jirani ulikuwa umeshachanua, na yeye aliuona. Kwa hesabu zake, daktari alikosea.

Claudio alipokwenda kuagiza tanzia, mpiga chapa alimuuliza Ermes Baraldini aandikwe kama nani. Hilo lilikuwa limeshaamuliwa na mwenye tanzia. Mtoto wa baba mkubwa ni ndugu wa mtu, na kwenye kuta zote kati ya Nonantola na Soliera ndivyo inavyosomeka.

Marehemu ameacha watoto wawili, Marzia na Claudio. Mkwe wake, Loretta. Wajukuu wake, Giada na Nicolò. Na kaka yake, Ermes.

Gari liko pale mezani, kando ya maua. Mkitoka, lizungukeni lote. Msisimame upande mmoja.

Pumzika salama, Dirce. Taa anaishika Ermes.