Masafa Yetu ya Jumanne na Alhamisi

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la kinyozi. Juzi tulilizungushia mabati juu, nyuma na ubavuni, mvua isituonee. Asubuhi hiyo nilikaa nimeshika simu kwa mikono miwili. Binti yangu alikuwa wodini tangu alfajiri, uzazi wa kwanza. Mkwe ameahidi kupiga, na simu haina mtandao hata chembe. Nakiri, badala ya kuomba nilikuwa nalaumu.

— Babu Mtarajiwa, tulia, akasema Kinyozi. Kampuni yako ya simu imenyang'anywa masafa.

— Yananyang'anywaje, ndugu yangu?

Fundi Saa akaweka kikombe chini.

— Hewa ya kupitishia mawimbi ya simu imepimwa kama viwanja. Serikali inagawa, kila kampuni na kipande chake, zisiingiliane. Vingine vinapigwa mnada. Masafa ya chini yanafika mbali, ya juu hayafiki.

— Basi yetu ni ya juu, nikadakia. Njia ya mwongo fupi.

— Methali hiyo iache ipumzike, akasema Kinyozi. Hawa walichelewa mnadani, wakaambulia masafa ya Jumanne na Alhamisi.

— Na leo Jumatano, akasema Fundi Saa, kwa huzuni ya kweli.

— Mtoto azaliwe kesho, basi, nikasema. Subira huvuta heri.

Nikacheka mwenyewe. Kisha, Mungu anisamehe, nikaapa kwamba nimesoma gazetini: masafa yetu yamekodishwa nchi jirani mpaka baada ya mavuno. Wakaamini. Hata mimi nikaanza kuamini.

Dada mmoja mgeni alikuwa amesimama nje na kahawa yake, anaongea na simu. Alipomaliza akatuchungulia.

— Shikamooni wazee wangu. Mimi natumia kampuni hiyohiyo. Kwani kabla ya haya mabati, mtandao ulikuwaje?

Fundi Saa alitazama juu, Kinyozi akatazama nyuma. Mimi nilitazama kidole changu chenye plasta, maana misumari niliipigilia mimi.

Nikatoka hatua mbili. Simu ikalia hapohapo.

— Baba, ulikuwa wapi? akasema mkwe. Una mjukuu wa kike. Wote wazima. Msikie.

Nikamsikia. Nikakimbilia ndani wenzangu nao wamsikie, ikakata.

— Babu wewe, akasema Kinyozi, shika huku.

Tukalibeba benchi mpaka nje, simu ikalia tena. Mvua ikaanza kudondoka kwenye vikombe, mtoto analia simuni, na hakuna aliyeinuka.