Mlinzi wa Mlango wa Akina Yohane

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na shemeji yangu, mjane wake, ameniagiza nisome maisha ya mumewe yalivyokuwa, bila kuyatia sukari.

Kaka alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi mwashi, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, akashika mwiko na pimamaji ya baba yetu, akajenga nusu ya mji huu, na kuta zake, ukiwemo ukuta wa hospitali ya wazazi, hazijapata ufa mpaka leo.

Alifunga ndoa tarehe 10 Agosti 1974, na mwaka 1979 akajiunga na Frimasoni, chama cha wanaojiita waashi huru, watu ambao mtaani husemwa wanakunywa damu, ingawa shemeji, aliyemfulia mashati miaka yote, hakuwahi kukuta doa ila la mchuzi. Wao huwaenzi watakatifu wawili, Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, na Yohane Mwinjili tarehe 27 Desemba, siku hizo husimika viongozi wao na kula karamu, na kaka, ambaye Krismasi yenyewe alikuwa akiilalia, sikukuu za akina Yohane hakukosa hata moja.

Mtoto wao wa pekee alizaliwa tarehe 27 Desemba 1982, shemeji akiwa ameshikwa na uchungu jioni, akajikokota kumfuata mumewe karamuni, akitegemea kumkuta meza kuu, akamkuta nje, juu ya kigoda, upanga mapajani, akilinda mlango, maana katika wakubwa wote wale waliovaa aproni za waashi, mwashi wa kweli ndiye aliyewekwa nje, naye akamwambia mkewe atangulie, atamfuata wakishamaliza kula. Shemeji akajifungua peke yake, nyuma ya ukuta alioujenga mumewe, na tangu hapo kila mwaka alimwomba siku hiyo moja tu, ya binti yao, asiipate, na wageni walipomuulizia baba mwenye nyumba, alijibu kwamba yuko karamuni, akaimeza aibu ile kama dawa.

Tarehe 27 Desemba mwaka jana kaka alipata kiharusi palepale mlangoni, wenzake wakamkuta chini walipofungua waende kwenye magari yao, akaugua karibu miezi sita, akafariki tarehe 20 Juni. Wenzake walituma ujumbe tusogeze mazishi, kwa kuwa leo ni sikukuu ya Mbatizaji, na shemeji akawajibu kwamba miaka yote hiyo aliyesogezwa ni yeye, na sasa basi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliokuwa mkija kumgeuza kitandani, mafundi wenzake mliolijenga kaburi lake kwa mikono yenu, na Frimasoni kwa shada la maua, lililoletwa na dereva.

Kaka, wenzio muda huu wako mezani, mlango wao na aulinde mwingine, wewe pumzika kwa amani, na safari hii uwe ndani.