Fensi ya Shubiri ya Mama Rahab

“Ndege chozi akilala njaa hapa Tongaren, mjue mimi nimekufa.” Hivyo ndivyo marehemu Rahab Jelagat Kimeli alivyojigamba kwenye baraza la chifu mwaka 2019, wanaume wakacheka hadi chifu akavua kofia apanguse macho.

Alizaliwa Kapsokwony tarehe 4 Machi 1953. Alisoma hadi darasa la saba. Karo ya sekondari ilipewa kaka yake, ambaye hakufika kidato cha pili.

Kuanzia 1978 aliuza miche mjini Kitale kwa miaka thelathini na moja. Mteja akitaka maua, aliuziwa shubiri au mti wa Nandi flem, apende asipende, kwa sababu ndege chozi, yule mdogo wa mdomo uliopinda, hunyonya maua hayo. Jirani yake Ngige aliwahi kumwambia, “Mama Kevin, si uwawekee tu maji ya sukari.”

“Wewe ulilelewa na soda. Ona meno.”

Dawa ya wadudu pia hakunyunyiza. Chozi hulisha vifaranga wake buibui na wadudu wadogo.

Aliolewa na marehemu Matthew Kimeli mwaka 1974. Mzee alitaka mahindi yafike mlangoni. Mama alipigania fensi yake ya shubiri, akashinda.

Mwezi wa sita mwaka huu wa 2025, figo zilimlaza hospitalini Bungoma. Alimwita kifungua mimba wake, Kevin.

“Kuna kiota kwa fensi, mayai mawili. Usiikate mpaka watoto waruke.”

“Sawa, Mama.”

“Sema tena.”

“Sitakata, Mama.”

Alituacha Jumapili tarehe 15 Juni.

Alhamisi hii kamati ya mazishi ilisema hema la pili limekosa nafasi. Kevin alichukua panga mwenyewe. Mayai yalikuwa yameshaanguliwa; vifaranga walianguka bila hata unyoya. Mmoja alikwenda na paka, mwingine na siafu. Dada yake Vivian alipomwuliza, alijibu, “Si ni ndege tu, bana. Ama wageni wasimame juani?”

Wageni hawakusimama juani. Safu tatu za mbele zimeketi pale fensi ilipokuwa.

Mama Rahab ameacha watoto watatu, Kevin, Vivian na Kemboi, wajukuu tisa, na chozi jike mmoja anayezunguka hema tangu juzi. Mungu amlaze penye maua.

Shada lililo juu ya jeneza ni la plastiki. Lilinunuliwa Bungoma, shilingi elfu moja mia nane.