Mti Uliotafunwa na Mbuzi

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni kwa kuitika kwa nguvu. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Mwenyekiti wetu kasema anayeshuhudia asimame. Mwenyekiti, mimi nitasimama siku ya ufufuo. Leo nitashuhudia kutoka kwenye kitimwendo changu hiki. Chekeni tu, hapa kucheka kumeruhusiwa. Na hiki nilichokipakata ni mti. Nitaufikia.

Mimi ni mtu wa Old Moshi, na kazi yangu ilikuwa juu ya miti. Mnajua vihamba vyetu: kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti mikubwa. Kivuli kikizidi, kahawa haizai, kwa hiyo lazima apande mtu apunguze matawi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipanda migrivelia, nilipanda miruka, panga kiunoni, kina mama wakinipigia kelele kutoka chini nisije nikaangusha tawi kwenye mgomba wenye mkungu. Kule juu niliuona mji wote wa Moshi na mashamba ya miwa bondeni, na nikigeuka, mlima huo hapo. Ndugu zangu, nilijiona mkubwa.

Siku ile kulikuwa na ukungu, na gome la mruka niliokuwa juu yake lilikuwa limelowa. Sikumbuki kuteleza. Nakumbuka majani ya mgomba yakinipita usoni, halafu sauti ya mke wangu. Hospitalini daktari alivuta kiti, akaniambia taratibu kwamba uti wa mgongo umeumia vibaya na miguu haitarudi. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru! Nilikuwa bado sijaelewa.

Nilielewa nyumbani. Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha, na dirishani kulikuwa na vilele vya miti niliyozoea kuipanda. Nikamwambia mke wangu afunge pazia. Likafungwa, na likabaki limefungwa. Wageni nilikataa kuwaona, hata padri alipokuja nilijifanya nimelala. Na niwaambie jambo ambalo baadhi yenu hapa mnalijua bila kuambiwa: nilikuwa namwomba Mungu animalizie kazi aliyoiachia nusu chini ya ule mruka. Niliomba hivyo kila siku, kwa imani kabisa.

Familia yangu walinipenda mno. Mtori wa ndizi asubuhi, mtori mchana, mto mgongoni, blanketi juu. Mama yangu, yule pale benchi la mbele mwenye kitambaa cha bluu, alinilisha kwa kijiko mimi mtu mzima mwenye ndevu. Hata kikombe hakuniachia nishike. Mama, usiinamishe kichwa, nasema kwa upendo.

Basi akaja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ana kitalu cha miche mjini, kando ya barabara. Akaingia bila kubisha, akaweka juu ya kiti, karibu na uso wangu, chungu bapa cha udongo chenye kimti.

"Shemeji, hii inaitwa bonsai."

"Ndiyo nini?"

"Mti mkubwa ambao ni mdogo."

"Huo hautoi hata mpini wa jembe."

"Haukuja kutoa mpini, umekuja kukatwakatwa. Na kukata si ndiyo kazi yako?"

Mti wenyewe ni huu. Ni mzeituni pori. Aliukuta kule Sanya Juu, kwenye kiwanja kilichokuwa kinasafishwa ili ijengwe nyumba, umeshawekwa upande wa kuni. Huko ni kukavu, mnakujua, na mbuzi wanapita kila siku. Kila ulipotoa chipukizi, mbuzi alilitafuna. Ukatoa jingine, likatafunwa. Miaka na miaka. Kwa hiyo haukuwahi kuvuka mgongo wa mbuzi, lakini shina likaendelea kunenepa na gome kupasuka, hadi likawa hivi mnavyoliona, nene kama mkono wangu. Shemeji alisema pengine umenizidi umri.

Aliponiacha nao, nikautazama kwa sababu sikuwa na pa kugeukia. Nikaona mizizi inavyoshika ardhi kama mkono wa mtu anayejiinua. Nikaona jeraha la zamani, na gome lilivyolizunguka pole pole hadi karibu likafunga. Maisha yangu yote nilikuwa juu ya miti, na sikuwahi hata mara moja kuutazama mti.

Kesho yake nikaomba mkasi wa kushonea. Nikakata kitawi kimoja nikiwa nimelala ubavu. Halafu nikamwambia mke wangu afungue pazia, kwa sababu mti ulihitaji mwanga. Mke wangu alifungua pazia akatoka haraka. Baadaye niliambiwa alikwenda kulia jikoni.

Sasa, mama. Ninyi watu wa mlimani mtamwelewa. Mama amezaliwa kwenye kihamba, amekulia kwenye kihamba, na kwa mtu wa kihamba kupenda mmea ni mambo mawili: mbolea ya ng'ombe na maji ya mfongo. Akaona mti kwenye chungu kisicho na kina. "Ruwa, Mungu wangu! Mti unapakuliwa kwenye sinia kama ubwabwa?" Akauonea huruma. Kila nilipolala mchana, alikuja na samadi kidogo na kopo la maji kutoka kwenye mfongo, yaani mfereji wetu. Kila siku, jamani. Mti uliozoea ukame wa Sanya Juu!

Majani yakawa njano, yakapukutika. Udongo ukaanza kunuka, na mke wangu akautoa mti nje, barazani. Nikamuuliza mama ameupa nini.

"Nimeulisha vizuri, mwanangu," akasema. "Kama ninavyokulisha wewe."

Kama wewe. Niliyasikia maneno hayo hadi kwenye mifupa. Nikapaza sauti, nikamwambia ameuua mti na sasa anione na mimi ninavyofuata. Na ndugu zangu, sikuwa natania. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ule mti ukifa, kijiko cha mtori hakitapita tena mdomoni mwangu. Mama akachukua kopo lake, akatoka.

Jumapili wote wakaenda misani. Nikampigia simu shemeji. Akasema, "Utoe leo hii. Kata mizizi yote iliyooza, uupande kwenye changarawe kavu niliyoiacha barazani. Mimi niko mbali, siwezi kufika. Nani yuko nyumbani?"

"Hakuna mtu."

"Wewe upo," akasema, akakata simu.

Wenye vitimwendo hapa mnajua maana ya kushuka kitandani mara ya kwanza bila kushikwa. Sikushuka, nilidondoka. Nikalala sakafuni nikijiuliza nimefanya nini. Halafu nikaanza kujivuta kwa viwiko. Chumbani, koridoni, nikavuka kizingiti. Hewa ya nje ikanipiga usoni na nikasikia maji ya mfongo yakipita. Nikaketi, nikaegemea ukuta, nikaung'oa mti. Mizizi mingi ilikuwa imeoza, nyeusi, laini. Nikakata kwa ule mkasi wa kushonea, nikakata, hadi nikafika kwenye mizizi michache iliyokuwa bado migumu na myeupe ndani. Nikaushindilia kwenye changarawe.

Wakanikuta hapo, nina matope hadi masikioni. Mke wangu akapiga yowe. Mama hakupiga yowe. Alinitazama, akautazama mti uliobaki kijiti, akageuka, akaelekea mpakani mwa kihamba.

Kwa ninyi mliotoka mikoa mingine kuja kufanya kazi kwenye miwa na viwandani: isale ni ule mmea wa majani marefu mnaouona kwenye mipaka na makaburi yetu. Mchagga akikuletea jani la isale kuomba msamaha, hukatai. Hata awe amekukosea vipi, hukatai.

Mama akarudi na jani la isale amelifunga fundo. Nikafungua mkono nipokee, maana nilijua ni langu. Akanipita! Akapiga magoti mbele ya mti, akalifunga lile jani kwenye shina. "Wewe ni mwanangu, tutaongea," akaniambia. Kisha akauambia mti, "Nisamehe. Sikujua kwamba umezoea kiu."

Kuanzia siku hiyo mama aliniwekea kisu na ndizi mapajani, akasema kama nataka mtori nimenye mwenyewe. Mti ulibaki mkavu. Mvua ikaisha, baridi ikaja, mlima ukajificha kwenye mawingu, na kila asubuhi nilijivuta barazani kuutazama, na mama akija nyuma yangu na kiti chake.

Halafu asubuhi moja mawingu yakafunguka. Kibo yote nyeupe. Nikainama kwenye mti, na hapa, ndugu zangu, kwenye gome hili kavu ambalo halikuwa na tawi wala jicho, palikuwa na nukta ya kijani isiyozidi punje ya ulezi. Sikulia nilipoanguka, sikulia hospitalini. Nililia hapo, mbele ya nukta. Mama akainama, akaiona, akavua kitambaa kichwani.

"Umepokea," akasema.

Leo barazani kwangu nina mizeituni na mitini ya kutosha, naikata na kuinywesha mwenyewe, na vijana wa mtaani wanakuja kujifunza. Namshukuru mke wangu kwa lile pazia. Namshukuru shemeji kwa kunikatia simu. Mama, asante, aika. Na ninyi mnaotunza wagonjwa nyumbani nawaomba kitu kimoja: waachieni kikombe. Kitamwagika, futeni, waachieni tena.

Sasa napitisha mti, mpokezane taratibu. Mguse hapo ilipokuwa ile nukta, sasa ni tawi nene kuliko kidole. Na mkiona jani kavu lenye fundo shinani, msilitoe. Hilo ni la mama, na mti ulishalipokea.