Wavu wa Ngiri na Mkwe Wangu Kreni

Apa kwanza. Apa kwa kitu unachokipenda, kisha sogea, maana maneno haya ni ya watu wawili wa nyumba moja na wote wawili waliniapisha. Mke alikuja asubuhi akaniambia mumewe ana ngiri, ile ya kinena, uvimbe mkubwa kama limau, na kwamba atapasuliwa Alhamisi ya wiki inayofuata. Mama mdogo, tafadhali usimwambie mtu. Mume akaja alasiri ya siku hiyohiyo na la kwake. Mama, tafadhali usimwambie mke wangu. Nikaapa huku, nikaapa kule. La mke nililitunza vizuri sana. Nilimwambia Birika tu, muuza kahawa, kwa sababu ni mtu wa kutikisa kichwa bila kusema. Kumbe husema akishamaliza kutikisa. La mume sikumwambia yeyote. Wewe ndiye wa kwanza.

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba changu, chini kabisa ya dirisha. Mimi ni mfuma sweta, na mtu akikaa pale nje akanong'ona, ndani nasikia mpaka anavyomeza mate. Huyo mume ni mkwe wangu, amemuoa mtoto wa marehemu dada yangu. Anabeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mifuko miwili kwa mpigo, ndiyo maana wakamwita Kreni. Mara mbili amepangiwa kupasuliwa na mara mbili amekimbia. Ya pili alikimbia na gauni la hospitali, lile la kufungwa nyuma, akakatiza nalo sokoni mgongo wazi. Daktari akamwambia mke wake: hii ya tatu asicheze nayo, utumbo ukinyongwa kwenye lile tundu hapatakuwa na muda wa kupanga tarehe nyingine.

Safari hii hakukimbia, kwa sababu ya karatasi ya hospitali. Karatasi ilisema aje na shuka mbili, sabuni, kandambili, na wavu wa kufumwa, sentimita kumi na tano kwa kumi. Karatasi ilisomwa hivyo, mengine usiniulize. Basi akaniletea uzi mweupe wa pamba, ameshauchemsha mwenyewe kwenye sufuria ya chai.

— Mama, nifundishe kufuma. Kitu kitakachokaa tumboni mwangu mpaka nazikwa, nataka nikifume mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo, kila alasiri, lile jitu lilijibanza kwenye kigoda changu nyuma ya pazia, ulimi nje, linahesabu vitanzi.

Jumanne yenyewe, zimebaki siku mbili, Kreni alikuwa ndani na mimi nilikuwa nje na kikombe changu. Walikuwepo Birika mwenyewe, Spana fundi baiskeli, na Profesa. Profesa alifagia maktaba miaka ishirini, anadai vumbi la vitabu nalo ni elimu.

— Hivi ni kweli Kreni anawekewa wavu? akauliza Spana.

— Kweli, akasema Birika, baada ya kutikisa kichwa. Bibi hapa ndiye aliyeniambia, ila alisema nisiseme.

— Sasa wavu wa ngiri si wa wawindaji? Ngiri huyu mwenye meno nje?

— We naye, akasema Profesa. Ngiri ya kinena ni ukuta wa tumbo umetoboka, utumbo unachungulia nje. Wavu unaziba lile tundu. Ni kama dirisha na mbu.

Hapo alikuwa sawasawa kabisa, na kama angeishia hapo leo tungekuwa na mtu mwenye akili benchini. Hakuishia.

— Tena ule wavu ni wa nyuzi za plastiki, akaendelea. Plastiki na moto haviivani. Kreni ndiyo basi tena kukaa karibu na jiko. Utamyeyukia humohumo.

Ndani, sindano zilizokuwa zikigongana tik, tik, zikanyamaza.

— Na kahawa? Birika akauliza, biashara imemgusa. Ya moto hivi ataruhusiwa?

— Kahawa itapita. Machicha ndiyo yatabaki kwenye wavu. Baada ya mwaka ana kilo nzima.

— Mimi sihofii machicha, akasema Spana. Mimi nahofia kukazwa. Gurudumu, ukizidisha kukaza spoku za upande mmoja, linapinda. Wakimkaza vibaya, Kreni atakuwa anaaga anakwenda kazini, miguu inampeleka makaburini.

— Halafu mnasahau mawimbi, akasema Profesa. Kitu chenye matundu madogomadogo hivyo kinanasa mawimbi. Atakuwa anasikia redio tumboni. Watu watamfuata kila aendako, simu zao zishike mtandao.

— Basi aje akae hapahapa, akasema Birika. Hapa mtandao unasumbua.

Wao wanacheka, mimi nasikia kigoda kinalia. Mtu mzito anainuka. Chumba changu kina mlango wa uani, na mbio za Kreni nazijua. Nikapaza sauti ipenye dirishani.

— Nyinyi hamjui kufuma, ndiyo maana mnaropoka. Kitu kilichofumwa kwa vitanzi kinavutika kila upande. Ukiinama kinainama nawe, ukikohoa kinakohoa nawe. Na daktari amesema nyama inaota inapenya kwenye yale matundu, mpaka wavu na mtu wanakuwa kitu kimoja. Hauyeyuki, hauimbi, haumpeleki mtu makaburini.

Kigoda kikalia tena, mtu amekaa. Tik, tik.

— Bibi, hiyo sauti ni ya nini? akauliza Spana.

— Panya.

— Panya anahesabu? Nimesikia kumi na tatu.

Kabla sijapata la kumjibu, nikamwona mwanangu anakata kona, yule mke, anatembea kama mtu aliyekwisha kuamua. Vidole viwili vimebana kitu mbele yake.

— Shikamoo mama mdogo.

— Marahaba mwanangu. Mbona hivyo?

— Mume wangu ana mwanamke.

Birika akasahau kikombe alichokuwa akimimina, kahawa ikamwagikia kiatu cha Profesa, na Profesa hakusogeza mguu asije akapitwa na neno.

— Kazini anatoka saa tisa, nyumbani hafiki mpaka saa kumi na mbili. Wiki nzima. Nimemkuta na huu begani, na jana mwingine kwenye ndevu.

Akatuonyesha. Uzi mweupe. Spana akaushika, akaunusa.

— Muuguzi, akasema. Hizi ni nyuzi za bandeji. Alipokwenda kupimwa akapimwa na moyo.

— Si bandeji, akasema Profesa. Bandeji haijasokotwa hivi. Huyu mwanamke anashona sanda.

— Sanda?

— Kreni ameona Alhamisi inakaribia, anapimwa kabisa. Mazoea yakaanzia kwenye futi.

Mwanangu akakaa benchini bila kuangalia anakaa wapi, akamkalia Spana mkono.

— Na usingizini anasema maneno, akasema, sasa sauti imeshuka. Uzi juu, viwili pamoja. Uzi juu, viwili pamoja. Mama mdogo, hivyo viwili ni nini?

Nikatazama kahawa yangu. Unafikiri ningesema ni vitanzi? Nimeapa huku na kule, na viapo vyote viwili vimekaa benchi moja.

— Mimi sasa Alhamisi simsindikizi, akasema. Mara zote mbili nilimkamata mkono mpaka mlangoni na bado alinitoroka. Safari hii aende na huyo wa nyuzi. Tuone kama atamfukuza sokoni.

Hapo nikaogopa kweli. Bila mkono wa mke wake, Kreni hafiki hata getini. Nikafungua mdomo niseme kitu, chochote, na ndani ya chumba changu mimi, mjane, mtu wa kujiheshimu, ikatoka sauti nzito ya mwanamume:

— Mama, njoo upesi, kimoja kimeniponyoka.

Wote wakanigeukia.

— Panya, nikasema, nikainuka.

Niliingia mbio nikavuta pazia nyuma yangu. Kreni alikuwa ameinua wavu juu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto anayevuja damu. Kitanzi kimeponyoka, mistari mitatu chini imeshafumuka. Sasa ningefanyaje? Kitanzi hakisubiri. Nikavuta kigoda cha pili, nikakaa goti kwa goti na mkwe wangu, yeye kashika huku, mimi nimeshika kule, nakifukuza kitanzi kwa ncha ya sindano. Naye ananinong'oneza:

— Mama, ni kweli utakuwa unashika redio?

Pazia likavutwa mpaka kamba ikakatika.

Mwanangu mbele, Spana nyuma yake, Birika na birika lake, Profesa na kiatu chake cha kahawa. Tumefumaniwa. Mikono yetu yote minne ipo kwenye kitu kimoja, na uzi umetuzunguka miguuni.

— Mama mdogo, akasema mwanangu. Na wewe?

— Mke wangu, akasema Kreni, usinifikirie vibaya. Hospitali wamesema niende na wavu. Sikutaka ujue, ungenicheka. Na keshokutwa naingia nao mwenyewe mkononi. Sikimbii tena. Mtu hawezi kufuma siku saba halafu akakimbia. Nyinyi wote ni mashahidi.

— Tumesikia, akasema Spana. Keshokutwa anaingia. Hakuna kurudi nyuma.

Mwanangu akauchukua wavu, akauweka kiganjani, akaunyoosha. Ulikuwa mzuri, sisemi kwa sababu nimemfundisha mimi. Akatazama vile vidole vya kubeba saruji, akacheka, kisha akajifuta macho kwa wavu wenyewe.

— Nani amekuambia uende na wavu?

— Karatasi.

Akaichomoa kwenye mfuko wa shati la mumewe, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mwalimu.

— "Mgonjwa aje na shuka mbili, sabuni, kandambili." Basi. Vimeisha.

Akaigeuza nyuma.

— "Kwa daktari. Wavu wa kufumwa, sentimita kumi na tano kwa kumi. Upo stoo."

Kreni akanigeukia polepole, lile jitu lote, uso umejaa swali la mtoto mdogo.

— Lakini mama, wewe ndiye uliyenisomea.

Wote wakanitazama. Sindano ninayo mkononi, na kitanzi cha wavu kinaning'inia kwenye ncha yake. Nikasema siku ile sikuwa na miwani, na leo pia sijui nimeiacha wapi.

Ilikuwa puani.